Dumu Lililotoka Bondeni

Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, macho wazi na jua limeshapanda. Nalisema hilo mapema kwa sababu visa vya namna hii watu huviweka usiku, gizani, mahali ambapo macho yanaweza kudanganya. Mimi nilikutana na mzee ninayemsimulia saa nne asubuhi. Ukitaka kuniita mwongo, subiri kwanza ufike mwisho. Uongo upo humu ndani, na niliusema mimi.

Nilizaliwa Kilosa, na tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kutulia mahali. Nilipasua mbao Mafinga, nikabeba viazi Uyole, nikashinda miezi Tunduma nikisukuma mikokoteni mpakani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza kitu, na mtu ambaye hakuwa na cha kuuza alikwenda kukitafuta mbali. Watu wakasema Sumbawanga kuna mahindi, na chini yake bondeni kuna mchele na samaki, na wachuuzi bado ni wachache. Nikapanda lori, nikakaa juu ya magunia ya chumvi. Safari iliyotakiwa kuwa ya siku moja ilichukua siku tatu kwa sababu ya matope. Laela tulilala chini ya turubai, na asubuhi vidole vyangu vilikataa kufunga vifungo vya shati kwa baridi. Hadi leo nikisikia harufu ya turubai lililolowa, naikumbuka ile barabara, na natamani ningeshukia njiani nikarudi.

Tulipofika mjini dereva aliniomba nisaidie kushusha. Gunia la kwanza tu, hatua kumi, nikasimama. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa na mbwa. Wapagazi wa pale wakanicheka. Wao walikuwa wanabeba huku wanapiga soga.

Nilijua sababu: mji ule uko juu sana. Mwalimu wetu wa fizikia kidato cha pili alituambia tufikirie mablanketi yaliyopangwa, moja juu ya jingine. La chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake. La juu limelala tu, halina wa kulibana. Hewa ndivyo ilivyo. Chini imeshikana, juu imeachana. Ile sehemu inayotufaa, oksijeni, ni fungu moja katika matano kokote uendako, bondeni au mlimani. Ila juu kila ukivuta pumzi unakusanya hewa kidogo zaidi, basi na lile fungu lako ni dogo. Siku hiyo alichemsha maji kidogo katika kopo la mafuta ya taa, akalifunga, akalimwagia maji baridi. Kopo likajikunja kama karatasi. Tukapiga makofi. Sikuwahi kulisahau kopo lile, na laiti ningelisahau.

Nilipanga chumba Kizwite, katika nyumba ya dada mmoja aitwaye Skola, aliyekuwa anauza maandazi na chai. Mume wake alikuwa kibarua Mpanda. Skola alikaa na mama yake mzazi, mtu wa Mtowisa, bondeni, aliyepandishwa huku juu kuja hospitali kwa sababu ya kifua. Sote tulimwita Mama Skola.

Mama yule alinipenda, nami sikufanya lolote la kustahili. Jioni alikuwa anakaa karibu na jiko la mkaa, shuka mbili mabegani, akinitania. Maharage yalikuwa yanachemka tangu mchana na bado magumu. Nikamweleza kwamba juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa hiyo maharage yanachelewa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia binti yake, "Umesikia? Msomi anasema hata maharage huku hayapati pumzi." Tangu hapo jina langu likawa Msomi.

Hali yake haikuwa ya kutania. Akisema sentensi moja alipumzika katikati. Usiku alilala ameketi. Daktari alimwambia Skola kwamba dawa zimefika kikomo chake, kifua cha mama kinaitaka hewa ya kwao, ashushwe bondeni haraka. Lakini mvua zilikuwa zimekata barabara ya bondeni. Hakuna lori lililokuwa linashuka wala kupanda. Watu wanne walijaribu kumbeba kwa machela kwa njia ya miguu, wakateleza kona ya pili, nusura wamwangushe, wakarudi naye. Ikabaki kungoja barabara ikauke. Kila asubuhi Mama Skola aliuliza swali moja, "Lori limepita?" Nasi tulijibu, bado.

Mimi nilikuwa nashuka kwa miguu. Nilibeba betri, sabuni na nguo za mitumba mpaka Mtowisa, nikarudi na samaki wakavu. Ule ukingo wa Ufipa ukiushuka unavua koti, kisha sweta, kisha shati linakuganda mgongoni. Kule chini joto ni kama mtu amekuwekea mkono usoni. Lakini kifua kinafunguka. Unavuta hewa na unaisikia inafika.

Siku ya kisa hiki nilikuwa narudi. Chini ya mteremko kuna kijito ambacho wapandaji wote hunywa maji kabla ya kuanza. Juu ya jiwe alikuwa ameketi mzee mmoja. Amevaa koti zito la sufu, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, katika joto lile, na usoni hana tone la jasho. Kando yake dumu la plastiki la lita tano, la njano, kama yale ya mafuta ya kupikia. Mfuniko umezungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli, umekazwa sawasawa.

Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Wewe ndiye unayekaa nyumba moja na mke wangu."

Nikafurahi kweli. Mama Skola alikuwa akimtaja kila siku mzee wake wa Mtowisa, na mimi sikuwa nimewahi kumwona. Nikampa habari za mgonjwa, nikipunguza makali. Hakuniuliza zaidi. Akaniambia anataka nimbebee dumu lile. Nikalinyanyua, halina kitu. Nikamtazama.

"Mna pumzi," akasema. "Ya huku kwetu. Itamtosha mpaka barabara ikauke."

Ungefanya nini wewe? Niliona ni mzee aliyechanganyikiwa kwa majonzi. Sikucheka mbele yake. Tukaanza kupanda pamoja, yeye akasema atanisindikiza kona chache. Na hapa nakuomba uniamini. Njia ile ni ya kupanda kwa mikono na magoti. Mimi kijana wa miaka ishirini na miwili nilikuwa nahema, yeye anapanda na kuongea bila kukata neno, kama mtu aliyekaa barazani. Alinieleza alivyomuoa Mama Skola, walivyokuwa wakimpelekea binti yao mafuta Kizwite kila baada ya mavuno, na kwamba dumu la bondeni likifika kwenye baridi hufura ubavu. Nikamwambia kwa kuhema kwamba nalijua hilo, tumelisoma.

"Unapumua sana, kijana," akanitania. "Mimi nimeshaacha mambo hayo."

Nikacheka nikidhani ni utani wa wazee.

Kona ya nne akasimama. Akaweka kiganja juu ya dumu, nililokuwa nimelifunga mgongoni juu ya mzigo. "Litafura," akasema. "Usiliogope, liache lifure. Akilikuta limefura atajua limefika kama nilivyolifunga. Umeelewa?"

Nikamwambia nimeelewa. Nilipogeuka kumuaga alikuwa ameshapotea kwenye kona. Sikusikia hata jiwe likiporomoka.

Karibu na juu, ukungu ulipoanza, alinikuta Masanja. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, na mara nyingi tulipanda pamoja, yeye akiwa na tenga la kuku. Tukatua mizigo tupumzike. Akaliona dumu. Pande zake zilikuwa zimevimba, zimekaza kama ngoma.

"Msomi," akasema, "hilo dumu lako lina mimba."

Basi mimi nikaanza. Nikamweleza habari za mablanketi. Nikamwambia hewa ya mle ndani ilifungwa bondeni, bado imebanana kama ya bondeni, na huku nje hewa ni nyepesi, kwa hiyo ile ya ndani inasukuma kutoka, hata baridi hii haijaweza kuipunguza nguvu. Masanja akatikisa kichwa. Akasema huyo ni jini, amewahi kusikia. Nikamwambia hakuna jini, nifungue uone, itatoka hewa kidogo tu, fss, basi.

Nimesimulia kisa hiki mara chache, na mara zote niliwaambia watu kwamba nilifungua kwa sababu niliogopa dumu lisije likapasuka. Si kweli. Nilijua halitapasuka. Mzee alikuwa ameniambia kwa maneno yake, na mwalimu alikuwa amenifundisha kwa maneno yake, na wote wawili walisema jambo lile lile. Nilifungua ili Masanja anione nina akili.

Nikavua ukanda wa mpira. Nikazungusha mfuniko.

Ilitoka, lakini haikutoka kwa fss. Ilitoka polepole, ya moto, kama mtu anayeshusha pumzi aliyoishikilia muda mrefu. Ilinipiga shingoni, ina harufu ya matope ya majaruba, ya mabua ya mpunga, ya samaki na moshi. Ukungu mbele yetu ukafunguka kwa upana wa mlango. Na haikukoma. Dumu la lita tano, jamani, lina hewa kiasi gani? Masanja alikuwa anacheka, akaacha. Kuku wakanyamaza kwenye tenga. Iliendelea kutoka hadi nikahisi mikono yangu inapashwa joto, na mwishoni kabisa, ndani ya ile pumzi, palikuwa na sauti kama ya mtu anayemaliza kusema jambo. Sikulishika neno. Nililisikia likiisha tu.

Kisha mbavu za dumu zikalegea.

Masanja alijitwika tenga lake. "Umefungua kitu cha mtu," akasema, akaondoka. Hatukupanda pamoja tena.

Mimi nikafunga mfuniko, nikazungusha mpira vile vile, nikaukaza vile vile. Unaona ninavyokueleza? Mikono yangu ilikuwa inatengeneza uongo kabla mdomo haujafika.

Niliingia nyumbani alasiri. Mama Skola yuko kwenye mkeka ukumbini, ameegemea ukuta, midomo imepauka. Skola anakanda unga. Nikamwamkia mama, nikasema, "Mzee amekupa salamu. Nimekutana naye leo asubuhi pale kijitoni. Ameniambia nikuletee hili."

Mikono ya Skola ikasimama ndani ya unga. Hakugeuka. Nikamwona mgongo tu, na mgongo ule ulikuwa umekakamaa.

Mama Skola hakushangaa. Alinyoosha mikono, nikampa. Akalipapasa dumu kwa viganja viwili, upande huu na upande huu, kama anavyopapaswa mtoto kuona kama ameshiba. Lilikuwa tepetepe. Akalibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea.

"Lilikuwa hivi hivi?" akauliza.

"Hivi hivi, mama."

Akapumzika, akavuta hewa. "Miaka yote tukileta dumu hapa," akasema, "linafika limefura. Hili limelala." Akapumzika tena. "Nani amelifungua, mwanangu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa ananitazama bila hasira, ananingoja. Nikasema, "Hakuna aliyelifungua."

Akanitazama kidogo tena, kisha akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea chenji pungufu kwa sababu hana nguvu ya kubishana. Akafungua mfuniko, akaweka mdomo, akavuta mara moja. Akashusha dumu magotini.

"Hii naijua," akasema. "Ni ya hapa hapa."

Skola alinivuta nje, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Akaniuliza kwa kunong'ona nimekutana na mzee yupi. Nikamweleza lile koti la sufu na vifungo. Akakaa chini kwenye matope, pale pale. Akaniambia baba yake alizikwa majuma mawili yaliyopita. Mtu wa miguu alileta habari, na ndugu wakaagiza mama asiambiwe mpaka apate nguvu. Walimzika na lile koti, kwa sababu alikuwa anakufa analalamika baridi, kule bondeni, katika joto lile. Na mtu huyo alisema siku za mwisho mzee alikuwa anauliza jambo moja tu: mkewe anapata pumzi?

Nikamwambia Skola kila kitu isipokuwa pale juu kwenye ukungu.

Mama Skola alikufa siku ya tatu, asubuhi, ameketi. Alikuwa ameuliza habari za lori kama kawaida. Tukamzika Sumbawanga kwa kuwa hatukuwa na njia ya kumshusha. Mimi nilichimba kaburi pamoja na majirani, na kila nilipoinua jembe nilihema, na kila nilipohema niliona aibu kwamba hewa ile kidogo naivuta mimi.

Barabara ilifunguka siku tisa baadaye. Nilisikia honi nikiwa chumbani, nafunga mzigo, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kuondoka. Skola akagonga. Amebeba dumu la njano. Akaniambia usiku ule wa mwisho mama yake alimwomba ampe, akaweka mdomo, akapuliza, safari hii hakuvuta, akapuliza mpaka akalala pembeni, kisha akalifunga mwenyewe na ule mpira. Mama akasema, "Mpe Msomi. Mwambie amrudishie mwenyewe, pale kijitoni. Na asilifungue."

Kumbe alijua. Na bado alinituma mimi.

Nakwambia hali ilivyo mpaka leo. Dumu ninalo. Nimehama miji kumi na zaidi, nimekaa Kilombero, nimekaa Tanga, nimekaa mahali ambapo hewa ni nzito mpaka unaweza kuitafuna. Lilifungwa Kizwite, juu, penye hewa nyepesi. Kwa elimu yangu yote lilitakiwa kubonyea nilipoteremka nalo, lijikunje kama lile kopo la mwalimu. Halijabonyea. Limefura. Liko kwenye kona ya chumba changu sasa hivi ninapoandika, mbavu zimekaza kama ngoma, na nikipanda ngazi mbili tatu tu nahema kama siku ile ya gunia. Madaktari wanasema kifua hakina kitu. Nimeoa, nimeachwa. Mke wangu alisema hawezi kulala na kitu kinachongoja.

Nawe ukipewa kitu kilichofungwa, kipeleke kilivyofungwa. Usiseme unajua kilichomo. Mimi nilijua, tena nilijua vizuri, na hapo ndipo nilipoharibu. Na ukishaharibu, ukaulizwa kwa upole, sema siku ile ile. Baadaye anayeuliza hayupo.

Siku ile niliyoondoka stendi ilikuwa na malori mawili, pua kwa pua. Moja la Mtowisa, la kwanza kushuka tangu mvua, limejaa watu wanaoimba. Dereva wake alitoa kichwa akaniita, nafasi moja imebaki, mbele, kwa mwenye mzigo mdogo. Nilikuwa na kibegi na dumu. Nikafikiria kijito, na jiwe, na koti limefungwa mpaka shingoni, na mtu ambaye angeniuliza swali lile lile alilouliza mkewe, nani amelifungua. Nikamwambia dereva nasubiri mtu.

Kisha nikapanda lile la Tunduma.